Jina Lililokosekana Ukutani

Usiku ule wa kuamkia siku ya tuzo nililala nimenuna. Kata yetu ilikuwa inawatuza watu waliofundisha wenzao kusoma, na Bibi Tunu, aliyemzaa mama yangu, alikuwa wa kwanza kwenye orodha, ingawa tulishamzika. Mama ndiye aliyeitwa kupokea. Jioni akaniambia kwamba pale pa kusaini ataweka dole gumba, kama kawaida yake. Nikaona aibu. Mtoto wa mwalimu, mbele ya kata nzima, dole gumba? Mimi subira sina. Nikamwambia abaki nyumbani, nitapokea mimi. Hakubisha. Alisema tu sawa, mwanangu.

Usingizi ukanichukua, nikajikuta kwenye mashine ya kusaga, ile ile ya Bibi. Inanguruma lakini siisikii. Bibi amesimama, nywele nyeupe kwa unga, na ukuta mweupe vilevile. Huo ukuta ndio ulikuwa ubao wake. Waliosubiri zamu ya kusaga walikuwa wanachora herufi kwa kidole kwenye vumbi la unga, na leo nusu ya mtaa wetu wanajisomea vyeti vya kliniki kwa sababu yake. Mzee Bakari, naye marehemu, anahangaika na B.

"Mwalimu, hii yangu ina mimba," anasema.

"Basi itazaa jina lako. Endelea," Bibi anamjibu.

Watu wanacheka. Halafu hawapo, tumebaki wawili, na ukuta umejaa majina. Nataka kumshukuru, nina hotuba ya kurasa tatu mkononi, lakini karatasi zinageuka unga, zinamwagika. Bibi wala hazitazami. Ananionyesha mwanamke aliyetugeuzia mgongo, anamimina mahindi kwenye mashine, debe baada ya debe. Ni Mama.

"Wenzake wakisoma, yeye alisaga," Bibi anasema. "Mashine ingesimama, wangeondoka. Jina lake liko wapi?"

Natafuta ukutani. Natafuta mpaka chini karibu na sakafu. Halipo.

"Sikumfundisha," anasema taratibu. "Nilidhani muda upo."

Nikaamka shavu limelowa. Kunapambazuka, Mama yuko jikoni anachekecha unga wa uji. Nikamwomba radhi. Nikamwambia tuzo anaipokea yeye, na kama ni dole, liwe dole. Kisha nikachukua sinia, nikatandaza unga, nikamwambia jina lake lina herufi nne tu, Sada, na sherehe ni saa nne. Nikashika kidole chake tuanze na S.

Akakivuta. Akaichora mwenyewe, polepole, imepinda kidogo, lakini ni S.

"Hii naijua," alisema. "Nilikuwa naiona nikigeuka kuchukua debe."

Naandika haya uji unachemka. Asante, Bibi. Zimebaki herufi mbili tu, maana A inajirudia, na leo sina haraka.