Shavu la Fundi Geti

Fundi Geti hakuogopa moto. Alianza kuchomelea vyuma kabla ndevu zake hazijaota, na cheche zilimrukia kifuani kama kuku waliomwagiwa mtama. Yeye alizipangusa kwa kiganja na kuendelea na porojo zake. Geti lake likifungwa, limefungwa. Wapo wanaoapa kwamba mwizi mmoja alisukumana na geti la Fundi hadi jasho likamkauka, mwishowe akabisha hodi kwa adabu na kuomba kazi ya ulinzi. Mwanamume huyo ndiye aliyekuwa akitetemeka mbele ya kiti cha daktari wa meno.

Si sindano iliyomtisha, wala koleo. Maisha yake yote yalikuwa koleo. Ni kile kiti. Kinakupokea kwa upole kama mwenye nyumba mwema, ukishakaa kinaanza kukulaza chali, polepole, miguu juu, kichwa chini, taa machoni, mdomo wazi kama kinda anayesubiri kulishwa. Na aliyeinama juu yako kaficha uso, hujui anacheka au analia. Mara mbili Fundi alikikalia, na mara mbili kilipoanza tu kuinama alitoka mbio, kitambaa cha shingoni kikipepea nyuma yake. Safari ya pili aliondoka na mkono wa kiti. Aliurudisha kesho yake ukiwa umechomelewa kipande kipya, imara kuliko ulivyotoka kiwandani, lakini aliukabidhi kwa nesi barabarani. Mlangoni hakusogea.

Jino nalo halijui kungoja. Gego la chini upande wa kulia lilioza hadi mzizi, shavu likavimba. Kwanza alionekana kama amebana ndimu, baadaye chungwa, na mwisho wa yote shavu likawa linafika kazini kabla yake. Vijana wa karakana wakawa wanaliamkia lenyewe: "Shikamoo, shavu! Fundi yuko nyuma?" Hakuweza kuwajibu, maana taya ilikuwa imeanza kukaza.

Daktari alimfuata karakanani mwenyewe. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, asiyepoteza maneno. Alimbonyeza chini ya taya.

"Fundi, uvimbe unashuka shingoni. Ukifika kooni utaziba njia ya pumzi. Jino litoke kesho."

"Kesho nina kazi, daktari."

"Usipokuja kesho, kazi yako ya keshokutwa itakuwa kuzikwa. Najua unaogopa, si aibu. Kuna kidonge cha kutuliza woga. Hakikulazi ukakoroma, utakuwa macho na utanisikia, ila woga wako utasinzia. Huenda baadaye usikumbuke kitu. Sharti ni moja tu, uje na mtu mzima wa kukaa nawe na kukurudisha nyumbani, maana utakuwa umelegea kama mlenda."

Mkewe Fundi alikuwa safarini, kamfuata dada yake aliyejifungua. Mtu mzima aliyebaki nyumbani alikuwa mmoja: mama mkwe.

Mama mkwe huyo alikuwa mfupi, mpana, na macho yake yalihesabu mbegu za papai kabla halijapasuliwa. Miaka yote ya ndoa Fundi hakuwahi kukunja nne mbele yake wala kumtazama usoni. Akizungumza naye alizungumza na vidole vya miguu yake mwenyewe. Leo aende naye akamwone akitetemeka? Fundi hakumwambia neno. Lakini mkewe alishampigia mama yake simu, na asubuhi Fundi alimkuta amesimama mlangoni, mkoba begani.

"Twende, baba."

"Mama, usijisumbue. Nitakwenda peke yangu."

"Peke yako umekwenda mara mbili ukarudi na jino lilelile. Tangulia."

Kule kwa daktari nesi alimpa kidonge na kikombe cha maji. Fundi alikitia mdomoni, akanywa maji, akashukuru. Mama mkwe akamsogelea.

"Fungua mdomo."

"Mama?"

"Kiasi kile kile unachoweza. Inua ulimi. Aa, kumbe kimejificha huku! Unameza mwenyewe, baba, au nikupapase koo kama mbuzi mgonjwa?"

Akameza. Akakisikia kinateremka, na hapo ndipo alipojua amefungwa kweli. Mbele yake ulikuwa mlango wa chumba chenye kiti, na nyuma ya mlango ule mashine ililia kama mbu aliyeshiba hasira. Nyuma yake, kwenye mlango wa kutokea, mama mkwe alikuwa ameweka kiti chake na kukijaza hadi pembeni. Hata upepo ungeomba ruhusa kupita. Na tumboni kidonge kilikuwa kinayeyuka, hakijali maoni yake.

"Mama, samahani. Naomba nikajisaidie."

"Nenda. Viatu viache hapa."

"Viatu?"

"Chooni unavitakia nini? Viache vinifanyie mazungumzo."

Akaviacha. Akaingia chooni peku, akakaza komeo, akatazama juu kwenye dirisha. Nondo za jengo lile zote alizichomelea yeye. Na siku ya kumalizia dirisha la choo, nondo zilimpungukia. Zile chache zilizobaki akazitawanya, akajisemea, nani atavamia choo? Kwenye kona palibaki nafasi. Vijana wake aliwafundisha siku zote kwamba kichwa kikipita, mwili haukatai.

Akapanda juu ya sinki la choo. Akapitisha shavu zima kwanza. Shavu bovu akalisindikiza kwa machozi, likabanwa, likalalamika, likapita. Kichwa kikawa nje! Akavuta hewa ya uchochoroni kama mfungwa aliyesamehewa. Kisha akaleta mabega, na mabega yaliyobeba vyuma miaka yote hiyo yakagoma. Akasema basi, nirudi ndani. Shavu nalo likagoma. Kuingia lilikuwa limeingia kwa hodi, lakini kwa kubanwa vile lilikasirika likafura zaidi, sasa likataka kulala hukohuko. Akivuta, nondo inamkaba chini ya taya. Akisukuma, bega linagonga ukuta. Paka aliyekuwa juu ya tangi la maji akamtazama, akaacha kujilamba.

Hapo kidonge kikaanza kazi. Woga ulimtoka miguuni kwanza, na jambo hilo likamtisha kuliko yote, maana woga ndio uliokuwa umemsimamisha. Magoti yakawa uji. Uzito wote ukashukia shingoni, na pumzi yake ikaanza kupiga mluzi.

"Baba, umemaliza?" sauti ya mama mkwe mlangoni.

"Bado, mama."

"Mbona sauti yako inatokea barabarani?"

Mama mkwe hakuuliza tena. Alirudi nyuma, akaupiga mlango nyonga moja, komeo likaruka hadi kwenye beseni la kunawia. Akaona miguu ya mkwewe ikicheza juu ya sinki, kichwa hakipo. Tangu dunia iumbwe mama mkwe hamshiki mkwewe kiuno, lakini yule alimkumbatia mapajani, akamwinua juu kama gunia la mkaa, akapiga kelele: "Daktari! Njoo, mgonjwa wako keshafika nusu!"

Daktari alizunguka nyuma ya jengo, nesi akimfuata na sinia ya vifaa. Akapanda juu ya kreti la soda, macho kwa macho na Fundi.

"Waite vijana wangu," Fundi alinong'ona. "Waje na mashine ya kukatia."

"Wakate chuma karibu na uso wako, cheche zikuingie machoni? Tena mpaka wafike! Isikilize pumzi yako, Fundi." Mluzi ulikuwa mwembamba sasa, kama wa birika linaloishiwa maji. "Uvimbe ndio uliokubana. Jino likitoka usaha utamwagika, shavu litalegea, kichwa kitarudi ndani na koo litafunguka. Lakini simng'oi mtu kwa nguvu. Useme mwenyewe."

Fundi akazungusha macho. Akatazama ukuta, tangi, paka. Alikuwa anatafuta kitu.

"Kiti kiko wapi?"

"Kiti kiko ndani. Hakipiti dirishani."

"Sitalazwa?"

"Nitakulaza wapi?"

Woga ulikuwa umesinzia lakini jicho moja lilikuwa wazi bado. Alilisikia likimtazama kutoka tumboni. Mtu akitaka kukataa alikuwa na nafasi ya neno moja tu, na pumzi ya neno moja. Fundi Geti akaitumia pumzi ile kufungua mdomo, mwenyewe, pana kuliko taya ilivyotaka, hadi chozi likamdondoka kwenye nondo.

Daktari akamchoma ganzi. Wakangoja, paka akangoja.

"Limetoka?" mama mkwe akauliza kutoka ndani.

"Bado, mama," daktari akajibu.

"Vuta, mwanangu, nami navuta huku!"

"Usivute, mama! Mshikilie tu!"

"Basi nasukuma?"

"Mama, tulia kama ukuta!"

Koleo likashika. Gego likang'ang'ania, likazunguka, likalia kama msumari kwenye mbao mbichi, likatoka na mizizi yake yote. Usaha ulifuata; nesi alijaza bakuli akaomba jingine. Na shavu likashuka, wanasema lilitoa sauti kama gurudumu la baiskeli linalotobolewa. Mara kichwa kikachomoka, Fundi na mama mkwe wake wakaanguka chali juu ya sakafu ya choo, yeye juu, mama mkwe chini. Daktari akaingia mbio akamkuta mama anamfuta mkwewe mdomo kwa ncha ya kanga, na mkwe anamtazama usoni, kwa mara ya kwanza, akitabasamu kama mtoto aliyenyonya.

Jua lilikuwa limepinda alipozinduka nyumbani, kwenye kochi. Alikumbuka kidonge kikiteremka kooni. Baada ya hapo, giza tupu. Mama mkwe alikuwa mlangoni, mkoba begani.

"Mama," akasema kwa ulimi mzito, "tumeshakwenda?"

Mama mkwe akamtazama, kwa muda ule tu ambao mtu mwovu huhitaji kuamua.

"Bado, baba. Ndiyo nakuamsha. Inuka, twende."

Chumba kikamsongea Fundi kutoka pande zote. Akashuka kwenye kochi kwa magoti.

"Mama, nakuomba. Nifungie ndani, niambie nichimbe kisima kwa kijiko, nitachimba. Kile kiti, mama, siwezi. Naogopa. Nimeogopa siku zote. Mbele yako nasema..."

Ulimi, katika kuomba kwake, ukateleza hadi kwenye gego. Ukadumbukia shimoni.

Akavuta pumzi, ikaingia yote, bila mluzi. Akagusa shavu, akakuta ni lake. Mama mkwe alikuwa ameshakaa chini kwa kicheko, akijipiga mapaja, machozi yakimtoka.

"Limetoka," Fundi akasema. "Mama, limetoka! Nililia?"

"Chozi moja."

"Nilikaa kitini?"

"Kiti?" Mama mkwe akajifuta macho. "Wewe ulisimama, baba. Ulisimama na kufungua mdomo wako mwenyewe, hakuna aliyekulazimisha. Hilo nitamwambia mke wako."

Fundi akakaa sakafuni kando yake, akijipapasa kidevuni.

"Mbona shingo inaniuma hivi?"

"Ndivyo inavyokuwa," akasema mama mkwe, "mtu akiinua kichwa sana."