Jumamosi Mvunguni mwa Lori

Nina aibu moja ambayo sijawahi kumwambia hata mke wangu, na huyo anajua mengi yangu, mengine natamani asingeyajua. Inahusu lori la baba na kutu.

Baba alikuwa na lori moja tu maisha yake yote. Lilitoa viazi Kibirichia na kupeleka sokoni, na likirudi kutoka upande wa Isiolo lilibeba mbolea ya mbuzi, ile wakulima wetu wanagombania kabla mvua haijaanza. Mbolea hiyo viazi vinaipenda sana, lakini chuma, wacha tu. Mkojo unapenya kati ya mbao za bodi, unadondoka na kulala juu ya chesis, ile fremu ya chuma inayobeba bodi, pale juu kabisa chini ya mbao, mahali ambapo jicho halifiki, unafika mkono tu. Kutu huanzia hapo. Baba alilijua hilo. Kila Jumamosi alitandika gunia, akaingia mvunguni na maji, brashi ya waya na karai la oili chafu, ile inayomwagwa injini ikibadilishwa oili. Alikuwa anaosha, anangoja pakauke, anakwaruza, kisha anapaka kwa mkono mtupu. Akitoka huko unamwona macho na meno tu.

Halafu nyonga ikamharibikia. Daktari akamwambia asahau mambo ya kulala chini. Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa dereva, mtu mzima mwenye watoto wawili, kwa hivyo kazi ya mvunguni ikawa yangu.

Niliifanya mara mbili. Ya tatu, haki ya Mungu, niliona ni ujinga mtupu. Oili inaingia machoni, mbolea iliyokauka inakuangukia mdomoni, na huko barabarani wenzako wanapita na mashati yao meupe wakienda harusini. Na lori si lilikuwa linatembea? Kwani nani huwa anaangalia chini? Nikaingia, nikalala kwenye gunia, nikatoa simu nikatazama mpira. Baba alikuwa ameketi kwenye kistuli chake karibu na tairi la mbele, na nyonga haikumruhusu kuinama achungulie. Basi kila baada ya dakika chache nilikuwa nagonga chesis kwa spana, ngo, ngo, ngo, asikie kazi inaendelea. Mechi ikiisha najipaka oili mikononi na kwenye ovaroli, nagusagusa springi na zile pembe zinazoonekana, natoka nikihema utadhani nimelima ekari nzima.

"Umepaka hadi pale juu, chini ya mbao?"

"Nimepaka, baba."

"Pole na kazi, kijana wangu. Ingia ndani, mama yako akupe chai."

Na chai nilikunywa. Karibu miaka mitatu niliinywa hiyo chai. Jirani akipita, baba anamwelekezea bakora upande wangu: "Sikia huyo. Mimi hata sikuwa nagonga hivyo. Huyo amenishinda." Nilikuwa nayasikia yote nikiwa pale chini, mpira umefika kipindi cha pili, na badala ya kuona haya nilikuwa nacheka. Nilicheka, mimi! Nikikumbuka hicho kicheko, shingo inanichoma mpaka leo.

Mwishowe baba akaamua kuliuza lori. Aliyelitaka alikuwa mzee mmoja wa Muthara, mtu wa rika lake, ambaye kanisani waliketi benchi moja. Walitahiriwa siku moja, na kwetu watu kama hao hawadanganyani. Hata mimi huyo mzee namwita baba. Alikuja asubuhi na fundi nyuma yake, na alikuwa anaona aibu kuwa ameleta fundi.

"Ni watoto wangu walisisitiza," akasema. "Mimi neno lako linanitosha. Aangalie breki tu twende tukanywe chai."

Baba akacheka. "Hapana, aingie mpaka chini! Nimekwambia chesis ni safi, na nimekwambia kama mtu wa rika lako. Wacha aone kazi ya kijana wangu." Akanigeukia. "Ebu ingia naye umwonyeshe."

Nikaingia. Fundi akapeleka bisibisi pale juu, chini ya mbao, akasukuma kidogo tu. Ikazama kama kisu kwenye ndizi mbivu. Magamba ya kutu yakatumwagikia usoni sote wawili.

"Boss," akaninong'oneza, "hapa pamewahi kupakwa kitu kweli?"

Nikajipangusa kutu usoni. Akapaza sauti: "Mzee, hii chesis imeisha!"

Nikamsikia baba huko nje: "Nisaidieni nishuke."

Rafiki yake akamkataza, akamkumbusha nyonga. Wapi! Fundi akatoka kumpisha, na baba akashuka na lile koti lake la kanisani, akalala ubavu, akajikokota akiguna mpaka tukawa sote wawili juu ya lile gunia. Akainua mkono, akaupitisha juu ya chesis. Vidole vikarudi na vumbi jekundu, kavu, hata tone la oili halikuwepo. Nilidhani ameishia hapo. Lakini alikuwa ametazama juu ya kichwa changu, mahali ambapo mkono wa mtu aliyelala unafika bila kujinyoosha. Chuma pale kilikuwa na vibonde vya spana, vingi, vyote mahali pamoja. Akavigusa kwa kidole, kimoja, kingine, kingine tena. Halafu akanitazama usoni.

Akageuza kichwa kuelekea nje, ambako tuliona viatu vya rafiki yake.

"Nisamehe," akasema. "Nimekudanganya. Kijana hana makosa. Mimi ndiye niliacha kutoa oili ya kupaka."

Mimi nilikuwa hapo! Bega langu lilikuwa linagusa lake. Nilichohitaji ni kufungua mdomo tu, nimwambie yule mzee, baba, si yeye, ni mimi. Sikufungua. Mtu mzima, baba wa watoto, nililala pale kama gogo nikamwachia mzee wangu uongo wangu aubebe.

Viatu vikageuka. "Sawa," yule mzee akasema, na wakaondoka bila kunywa chai, na mama alikuwa ameshaimimina. Jumapili iliyofuata kanisani yule mzee aliketi benchi lingine. Ameketi huko tangu siku hiyo.

Lori liliishia kwa watu wa vyuma vikuukuu. Sasa nina pikapu yangu, na kila Jumamosi naipaka oili, mpaka pale juu. Baba bado anatembea na bakora yake. Huniuliza habari za watoto, za mvua, za viazi. Swali la kama nimepaka hajaniuliza tena.

Juzi nilikuwa mvunguni, oili imefika kwenye viwiko, nikasikia bakora inakaribia. Nilikuwa nimeshika spana. Nikailaza kwenye gunia polepole sana, isije ikagonga mahali. Bakora ikasimama kando ya tairi, ikakaa kidogo, ikaendelea na safari yake.