Koti la Mama na Chipu Tatu

Mama yangu, Eufrazia, hagusi kazi ya maana bila koti lake la kiwandani. Ni la nailoni, la buluu, na mfukoni limeshonwa jina lake kwa uzi mwekundu. Alilivaa miaka kumi na sita akitengeneza umeme wa mashine za kufumia. Kiwanda kilipouzwa mwaka 1994, wafanyakazi wakaambiwa warudishe vifaa. Mama alirudisha koleo, bisibisi, hata kofia. Koti alitoka nalo getini amelivaa ndani ya gauni.

Tangu hapo anatengeneza redio hapa nyumbani Kihonda, kwenye meza iliyo chini ya dirisha. Ila siku hizi redio za bei rahisi zimejaa madukani. Zikifa, watu wanatupa, wananunua nyingine. Agosti mwaka juzi ilipita wiki ya tatu bila redio hata moja kuletwa. Buibui alikuwa amefunga utando kwenye chuma chake cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya, na Mama alimwacha tu.

Jumatatu moja akaingia Kasiani, dereva wa misheni ya mlimani, amekumbatia boksi kama mtu aliyebeba mgonjwa. Kinanda kidogo kilikuwa kimening'inia begani.

"Mama Jesca, Sista Editha anakuja Ijumaa. Anasema ukikiponya hiki, wiki ijayo unaanza kufundisha chuo chetu cha ufundi. Ukishindwa anamchukua yule kijana wa Dar aliyeomba pia."

"Kinaumwa nini?"

"Kule juu kiliimba, kikakatika sauti moja. Mimi nakwambia, hiki hakikutaka kushushwa. Huku chini kitakufa chote."

"Mbona wewe umeshuka na hujafa?"

Kasiani alicheka, lakini hata maji hakunywa.

Kilikuwa kisanduku cha kuongozea kinanda cha kwaya. Juu kina vitufe vya kuzungusha, ndani kina chipu sita nyeusi zenye miguu kama jongoo. Kililetwa kutoka Ulaya vipande vipande, wanafunzi wa chuo wakakiunga wenyewe. Baadaye watengenezaji walituma barua: chipu moja katika kila kisanduku ilitoka mbovu, itolewe, na hizi hapa tatu, moja ya kubadilishia na mbili za akiba.

Barua ilikuwa ya Kiingereza, nikaisoma mimi wa kidato cha tatu.

"Soma panapohusu kazi," Mama alisema, akifunga vifungo vya koti. "Maonyo ruka. Kiwandani kila kitu kilikuwa na maonyo, hata feni."

Nikaruka.

Jumanne alizichomoa chipu zote sita, akazifuta miguu moja moja, akazirudisha tano na kupachika ile mpya. Akawasha. Kimya. Aliigusa kwa kidole akaurudisha mkono haraka. Ilikuwa ya moto kama kaa, na harufu yake ilibaki chumbani mpaka jioni.

Jumatano akaweka ya pili. Kinanda kikatoa sauti moja nyembamba. Nikapiga makofi! Mama akainua kidole, lakini sauti haikukoma. Iliendelea tu, hakuna aliyekigusa kinanda, mbwa wa jirani akaanza kubweka. Halafu ikafa.

"Kasiani na mdomo wake," Mama alinong'ona.

Upepo mkavu wa Kihonda ulikuwa unapiga vumbi, tukafunga madirisha. Mama akasimama katika kile kigiza akavua koti. Likalia, ta-ta-ta, kama mtu anayekanyaga majani makavu, na cheche ndogo za buluu zikakimbia mgongoni kwake.

"Mama! Vaa tena, uvue tena!"

"Ili iweje?"

"Livae tu, Mama, nione!"

Akavaa, akavua. Cheche. Nikakumbuka Mwalimu Thobias akisugua kalamu kichwani mpaka inaokota vipande vya karatasi. Nikakimbilia barua. Pale nilipoparuka paliandikwa kwa herufi ndogo: usivae nailoni, umeme wa kusuguana huua chipu bila wewe kuusikia. Na chini yake: chipu iliyojeruhiwa hivyo yaweza kufanya kazi siku kadhaa, hata miezi, kisha ikafa ghafla.

Nilimsomea yote. Mama aliliinua koti.

"Hili?" alisema. "Hili ndilo linaniulia?"

Alhamisi alilianika nje kwenye kamba. Akatandika kanga mbichi mezani, akavua viatu, akashika bomba la maji kwa mkono mmoja ili umeme wa mwilini ushuke ardhini, kabla ya kuigusa chipu ya tatu.

Kikaimba. Sauti zote, juu hadi chini.

"Na zile tano?" niliuliza. "Ulizishika zote ukiwa na koti."

"Umeisoma yote barua?"

"Yote."

"Basi ikunje."

Ijumaa Sista Editha alifika. "Shikamoo, Sista," tulisema wote, hata Mama. Sista alikaa kwenye kinanda, akapiga wimbo wa kuanzia misa, akizungusha vitufe na kucheka peke yake. "Eufrazia, kijana wa Dar tutamwandikia asije. Mwezi wa kwanza utakuwa wa majaribio."

Alipiga sauti ya mwisho akainua mikono. Sauti ikabaki. Labda sekunde moja tu, kisha ikakoma.

"Kinasikika kama kanisani!" Sista alisema.

Mama alinitazama. Alifungua mdomo. Nilidhani atasema. Akasema, "Jumatatu saa ngapi, Sista?"

Jumatatu Mama aliondoka na mkoba mmoja kwenda kukaa misheni. Koti alilikunja akaliacha kwenye kiti, mfuko wenye jina lake ukiwa juu. Kasiani akishuka huniambia kinanda kinaimba vizuri, ila siku nyingine kinachelewa kunyamaza, na wanakwaya wameanza kuzoea. Mimi gari la misheni likipiga kona ya kwetu, sitazami nani ameketi mbele. Natazama kwanza nyuma, kama mkoba wa Mama umerudishwa.