Mada ya Utafiti: Mume Wangu

Mama Pindo si mtu wa kuogopa jengo. Ameingia kwenye nyumba za wakubwa na futi yake shingoni, akawaambia mabibi wenye majina yao wavute tumbo ndani, wakavuta. Lakini siku binti yake alipomwonyesha kwenye simu picha ya Maktaba Kuu ya Taifa, ghorofa tisa, ngazi pana, watu wanashuka na mafaili yao, aliirudisha simu haraka utadhani imemchoma.

"Hapo? Mimi? Nikatafute nini hapo?"

"Mama, si wewe uliyesema unalitaka lile gazeti? Basi lipo hapo tu."

Na kweli ndiye aliyesema. Hawezi kumsingizia mtu.

Ngoja nikueleze vizuri, maana ukianzia maktaba hutaelewa kitu. Mama Pindo ni fundi wa nguo za kike, na jina hilo alipewa na wateja kwa ukaidi wake. Pindo la gauni halipitishi kwenye cherehani hata umwombe kwa magoti. Analipiga kwa mkono, kwa sindano nyembamba, saa nzima, na ukimharakisha anakurudishia kitambaa chako mzimamzima. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha gazeti, enzi zile herufi zilikuwa vipande vya madini ya risasi, unaokota kimoja kimoja na kuvipanga kinyumenyume mpaka vinakuwa habari. Mtu mpole, halafu mcheshi. Anaweza kukudanganya mchana kweupe asipepese jicho, kisha akawa wa kwanza kucheka.

Mwaka wao wa kwanza wa ndoa, asubuhi ya Jumamosi moja, Mama Pindo aliunguza gauni la mteja. Pasi ya mkaa, kitambaa laini, akageuka kidogo tu kumjibu mtu mlangoni, basi, kwisha habari yake. Alama ya pasi kifuani, nyeusi, pale pale ambapo kila mtu ataiona. Alilia kilio cha msiba. Akasema haushiki tena mkasi, ufundi si wake, wenye mikono wapo.

Jumamosi kiwandani walikuwa wanatoka mapema. Mumewe akaingia saa nane mchana, gazeti la siku hiyo kwapani, akamkuta mkewe sakafuni na cherehani amelifunika shuka kama maiti. Hakuuliza mengi. Alikaa chini karibu naye, akafungua ukurasa wa tatu, akaweka kidole kwenye kisanduku kidogo cha maandishi chini ya picha ya mtu anayeendesha baiskeli.

"Nilitaka iwe siri," akasema, "lakini hebu sikiliza. Nimekuweka gazetini."

Akamsomea: "Katika mji huu yupo fundi mmoja. Anashona kila nguo kama anamshonea mama yake. Akikosea, kosa lake ni zuri kuliko usahihi wa wengine. Mimi ndiye ninayekaa naye nyumba moja, na sibadilishani na mtu."

Wakati huo Mama Pindo hajui kusoma hata jina lake. Alisikiliza akiangalia ile baiskeli. Kisha akamwomba arudie, akarudia, na mara ya tatu tena, mpaka maneno yakaingia kichwani yakakaa. Akafuta machozi, akalifunua cherehani.

Sasa sikia balaa. Jumatatu asubuhi, mume kazini, Mama Pindo anataka kumshonea yule mteja gauni jingine kabla hajaja kudai la kwanza. Fundi yeyote wa zamani atakwambia, nguo haikatwi hivi hivi. Kwanza unakata umbo lake kwenye karatasi, mgongo peke yake, kifua peke yake, mikono peke yake, halafu unalaza karatasi juu ya kitambaa. Na karatasi ya fundi ni gazeti. Akanyoosha mkono, akachukua lililokuwa karibu, akalikata. Aliyegundua ni mumewe aliporudi jioni, na vipande vingine vilikuwa vimeshawashia jiko.

"Jamani! Gazeti letu!" Mama Pindo alishika kichwa.

Mumewe alicheka mpaka akakaa. "Maneno si umeshayasikia? Basi. Kata nguo, mke wangu."

Wakaishi. Miaka arobaini na ushee. Mteja akimkataa, Mama Pindo anayasema yale maneno kwa sauti ya chini. Mtoto akiumwa, mwaka ukiwa mbaya, vidole vikianza kuuma kwa baridi, anayasema. Alipofiwa, ndiyo yaliyomsimamisha. Na miezi sita baada ya msiba akajiandikisha darasa la watu wazima, akakaa kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni, akajifunza a, e, i, o, u na wenzake wenye mvi. Mwalimu alipowauliza kila mtu anataka kusoma nini, mmoja alisema barua za mwanawe, mwingine akasema maandiko matakatifu. Mama Pindo alisema, "Gazeti moja."

Angeliacha liwe ndoto tu, kama si wifi yake.

Wifi mtu huyo ni dada wa marehemu, mzee mwenzake, na utani wao haujapoa tangu siku ya harusi. Alikuja Jumapili moja, akanywa chai yake, na Mama Pindo alipotaja habari ya gazeti akapiga kofi paja lake.

"Wifi yangu wee! Na uzee huo bado unaamini? Kaka yangu alikuvika kilemba cha ukoka. Pale kiwandani msimamizi alikuwa anasoma ukurasa mstari kwa mstari kabla haujachapwa. Mpanga herufi aingize mapenzi yake katikati? Angefukuzwa kabla ya chakula cha mchana!"

"Wivu huo," Mama Pindo akamjibu. "Wewe nani alikuweka gazetini?"

Wakacheka wote wawili. Lakini wifi alipoondoka, Mama Pindo alikaa mbele ya cherehani bila kulikanyaga. Hilo la msimamizi hakuwahi kulifikiria. Kama maneno hayakuwemo, basi maisha yake yote ameegemea kitu ambacho hakikuwepo, na huyo aliyemwamini kuliko watu wote alimwangalia usoni akamdanganya kwa sababu hajui kusoma. Iliuma. Nisikufiche, iliuma mahali ambapo hata kifo chake hakikufika.

Ndipo akamwambia binti yake, "Nalitaka lile gazeti." Binti ni muuguzi, mtu wa zamu na orodha, na akishalishika jambo haliachi. Gazeti lenyewe lilishakufa, kiwanda kimekuwa ghala la vigae. Lakini Maktaba Kuu, akasema, inatunza nakala moja ya kila kilichochapwa nchini. Ila huwezi kwenda tu ukasimama kaunta kama unanunua chumvi. Akapiga simu, akaiweka sauti juu wote wasikie.

"Shikamoo, mama," sauti changa ya mkutubi ikasema.

"Marahaba, mwanangu. Nataka gazeti."

"La tarehe gani?"

Tarehe? Mama Pindo anajua ilikuwa Jumamosi na kulikuwa na baiskeli. Mkutubi, Mungu amzidishie, hakucheka. Alieleza polepole kwamba magazeti ya zamani yamejalidiwa, kila mwezi kitabu kimoja, yako ghala la chini, na lazima yaagizwe siku tatu kabla. Mwezi na mwaka wakivipata, yeye atafanya mengine.

Mama Pindo akapanda juu ya kiti. Binti alipiga kelele, "Mama, shuka, utavunjika nyonga!" lakini yeye alikuwa ameshashusha boksi lililokaa juu ya kabati tangu binti huyo hajazaliwa. Humo mna karatasi zake zote za kukatia, zimefungwa kwa uzi, manjano, zinanuka vumbi. Fundi hatupi umbo. Akazipekua moja moja mpaka akafika kwenye mkono wa lile gauni la kufidia, uliokatwa kutoka juu ya ukurasa wa kwanza. Jina la gazeti lipo nusu. Mwezi upo, mwaka upo. Tarehe imekatwa na mkasi wake mwenyewe, safi kabisa, kwenye mviringo wa kwapa.

"Ona mkono huu ulivyo na laana," akasema, akajipiga kiganja.

"Mwezi unatosha, mama. Jumamosi ziko nne tu. Utazifunua zote."

Ikabaki fomu. Binti aliijaza mezani huku mama yake anakagua kila neno kwa kidole, maana siku hizi hapitwi. Jina, umri, kazi. Kisha wakafika kwenye *Mada ya utafiti*, wakaangaliana.

"Niandike historia ya magazeti," binti akasema. "Inasikika vizuri."

"Kwani mimi natafuta historia ya magazeti? Usianze uongo na serikali. Andika: mume wangu."

"Mama, watatukatalia."

"Andika."

Ikaandikwa. Siku mbili baadaye jibu likaja kwenye simu: wamekubaliwa, Jumatano saa nne, meza namba kumi na mbili.

Sijapata kuona safari ya saa moja ikiandaliwa vile. Waliambiwa mikoba haiingii, basi Mama Pindo akajishonea gauni jipya lenye mfuko wa miwani, na pindo, nadhani unajua, kwa mkono. Kila asubuhi alisoma kwa sauti maandishi madogo kuliko yote aliyoyaona, ya kwenye chupa za dawa za binti, ili macho yazoee. Alijua maelezo ya dawa ya minyoo kwa moyo. Na Jumanne yake akataka kuahirisha.

"Kama hayamo?" akamwuliza binti yake. "Nikae nisijue, si bora?"

Binti alimshika mama yake mkono. "Ukitaka tusiende, hatuendi. Lakini mimi naona ulishaacha kulala."

Wakaenda.

Chumba cha kusomea kilikuwa kirefu, kimya, chenye madirisha marefu na watu walioinamia makaratasi yao, na hakuna hata mmoja aliyemgeukia. Hilo lilimtuliza. Mkutubi alikuwa kijana mwembamba kuliko sauti yake. Alikileta kitabu kwenye kigari, kikubwa kama meza ndogo, akakilaza taratibu juu ya mto wa kitambaa, akamwonyesha namna ya kufunua kwa viganja viwili. Binti akataka kumsaidia. Mama Pindo akamwambia, "Kaa. Hii ni yangu."

Jumamosi ya kwanza, ukurasa wa tatu: mpira. Ya pili: picha ya daraja. Ya tatu akaifunua, na pale, upande wa kulia, mtu anaendesha baiskeli. Mguu mmoja juu, mwingine chini, vile vile. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaweka kidole chini ya picha, kwenye kisanduku. Akasoma kwa kunong'ona, silabi kwa silabi, kama alivyofundishwa.

"Bei za so-ko-ni. Vi-tu-ngu-u, gu-ni-a..."

Akasoma kisanduku chote. Vitunguu, viazi, maharage, mchele. Akasoma vya jirani. Akasoma ukurasa mzima, na ulimchukua muda mrefu sana. Kisha Jumamosi ya nne, asije akawa amekosea, lakini hakuwa amekosea. Maneno hayakuwemo.

Binti aliona mabega ya mama yake yakishuka, akanyanyuka. Mama Pindo akamzuia kwa mkono. Alikuwa anawaza kitu. *Akikosea, kosa lake ni zuri.* Gazeti lilichapwa Ijumaa usiku. Gauni liliungua Jumamosi asubuhi. Miaka arobaini hakuwahi kuyaweka mawili hayo pamoja. Hakuna mtu duniani angeweza kuyapanga maneno yale kabla ya pasi ile. Mwanamume alifika mlangoni, akamwona mkewe analia, akakaa sakafuni, akashika bei za vitunguu mbele ya macho yake, na akayatoa yote palepale kifuani mwake. Na alipoombwa arudie, akarudia bila kukosea hata neno, mpaka mara ya tatu.

"Ee Mungu wangu," akasema, na machozi yakamtoka, akasogeza uso nyuma haraka yasianguke juu ya karatasi.

Mkutubi akaja akinyata. "Mama, umepata?"

"Naomba karatasi, mwanangu. Na kitu cha kuandikia."

Akapewa karatasi moja na penseli. Aliandika taratibu, herufi kubwa za darasani, ulimi umebana pembeni ya mdomo. Alipomaliza akampa binti yake. Binti akayasoma, mara moja, na mara ya pili. Alikuwa ameyasikia utoto wake wote, lakini hakuwahi kuyaona.

"Kwa hiyo yamo?" akauliza. "Uliyanakili kutoka wapi?"

"Hayamo. Hayajawahi kuandikwa popote," Mama Pindo akasema. "Baba yako aliniambia mimi."