Kata ya Maji Ilikuwa Mkononi Mwangu

Nilikosa, ndugu zangu. Sina wa kumsingizia, si upepo wala mwalimu wetu.

Mimi ni mtu wa Jibondo. Kwetu maji matamu huletwa kwa chombo kutoka kisiwa kikubwa. Kwa hiyo kata ya kuchotea hushikwa na mtu mwaminifu, na wadogo hunywa kwanza.

Nilikuwa mkubwa wa watoto wa chuo cha Kurani. Mwalimu alitupeleka watoto sita kwenye kisiwa kisichokaa watu tumkatie kuni, kama ilivyo ada. Akatuachia chakula na mtungi wa maji, kata akanipa mimi.

"Wadogo kwanza," akasema, akarudi nyumbani. Mara bahari ikachafuka, asiweze kutufuata.

Mwanzo tulisali pamoja, tukanywa kwa zamu, mdogo wangu Saidi mbele. Kisha tukaacha kusali. Kisha nikazua mchezo. Lo, mchezo gani ule! Wadachi, watawala wetu wapya kutoka Ujerumani, walikuwa wameanza kutuwekea maakida wa kutuamuru, nami nikachonga fimbo, nikajiita Akida.

"Atakaye maji apige magoti, aseme shikamoo Bwana Akida!"

Wenzangu wakapiga magoti, wakicheka. Saidi akakataa.

"Akida gani, huna hata viatu! Wewe kaka yangu tu. Nipe maji."

Wakanicheka mimi. Niliona haya, nikafoka, "Huyu mwasi! Mtoeni!"

Watoto niliosoma nao Kurani wakamfukuza kwa fimbo na mawe, kama wafukuzao tumbili shambani. Nami nikapiga makofi! Akakimbilia miambani, pasipo kivuli.

Kesho yake jua lilipopanda, nilisikia sauti yake, imekauka.

"Kaka, nimepiga magoti. Nitazame!"

Ee Mola wangu! Nilimtazama. Nikamwambia, "Ngoja kwanza," wenzangu wasinione mnyonge. Nilikusudia kumpelekea wakishalala. Nikalala mimi.

Chombo kilipofika asubuhi, tulimkuta amekufa palepale, magoti kayakunja, midomo imepasuka. Na mtungi ulikuwa bado una maji! Nikayamwaga kabla watu wa chombo hawajauona.

Tulipofika nyumbani, mama alinishika mabega. "Ulimpa mdogo wako kwanza?"

"Nilimpa, mama. Yalituishia."

Wenzangu wakainamisha vichwa. Nani angesema?

Mama sasa ni mkongwe. Wageni wakija huwaambia, "Huyu mwanangu alijinyima maji kwa ajili ya mdogo wake." Kisha hunikabidhi kata niwagawie. Nikichota nageuza uso, naye hunipapasa, akidhani ni majonzi tu. Nikimwambia kweli, nitamuua. Nikinyamaza, namwibia Saidi ukweli wa kifo chake.

Enyi mnaowaachia watoto kata, msitosheke kuwaambia "wadogo kwanza." Mimi niliambiwa. Nendeni mkawatazame, hata kwa kuogelea!

Nawe uliyeshika kata, mwenzio akikuomba, mpe papo hapo. Waache wakucheke. Kicheko kile kilikwisha siku ileile. Sauti ya Saidi naisikia kila ninapochota.