Sala ya Babu Mwaloni

Wiki iliyopita nilikuwa napita mjini, mtaa wa Mirongo, mpiga kiwi mmoja akafungua kopo lake karibu yangu, na ile harufu ikanifikia. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau anakokwenda. Kwetu Ilemela hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya Ijumaa jioni. Babu, baba yake mama yangu, alikaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba akisugua viatu vyake mpaka uone mawingu ndani yake, na hakuna aliyethubutu kumsemesha kabla hajamaliza cha pili.

Mnivumilie niwaeleze habari zake, maana kule kanisani huwa zinaelezwa vingine.

Babu alikuwa afisa wa jeshi la majini. Alitumikia pwani miaka mingi, akastaafu, akarudi nyumbani ziwani na sanduku la chuma, magoti mabovu na dini. Dini aliishika kama alivyoishika kazi. Asubuhi tulisali tumesimama mstari, mimi, Bibi na mama mdogo Rehema, na "amina" ikitoka imelegea tuliirudia. Mama yangu alikuwa muuguzi ng'ambo, Sengerema, kwa hiyo mimi nilikulia katika gwaride hilo. Watoto wa mtaa wakimwamkia, "Shikamoo, Afande," aliitikia "Marahaba" huku akiwakagua kucha. Alipenda kusema kwamba Mungu hapendi kamba iliyofungwa ovyo. Kwa miaka nilidhani ni andiko.

Alikuwa mzee wa kanisa, na Rehema, kitinda mimba wake, ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya. Rehema akiimba, Babu alivua miwani na kuifuta hata kama ilikuwa safi.

Mwaka mmoja kwaya ilialikwa kwenye mkutano wa injili kisiwani. Jumamosi mchana mtaa mzima tulishuka mwaloni, pale ufukweni boti zinapotia nanga, kuwasindikiza. Boti ilikuwa ya mbao, na ndani yake walipanda kwaya, spika, jenereta, masufuria, magunia ya mchele, na akina mama wenye watoto mgongoni ambao hawakualikwa ila hawakutaka kupitwa na baraka. Mchungaji, kijana bado wakati huo, akamgeukia Babu.

"Mzee wetu, wewe ni mtu wa maji. Tuombee safari."

Babu akavua kofia. Akaitazama boti, ukingo wake ulibakiza kiganja kimoja tu juu ya maji. Akatazama ziwa, mbali, ambako maji yalikuwa yameanza kuwa meusi.

"Mchungaji, siwezi kukiombea chombo hiki," alisema. "Nusu washuke, wangoje safari ya pili. Upepo unakuja."

"Mzee, imani uliiacha jeshini?"

Watu wakacheka.

"Imani ninayo," Babu akajibu. "Maboya ndiyo hamna."

Hakuna aliyeshuka. Basi Babu akaingia majini na viatu vyake vile vile, akashika kamba ya boti, akaita, "Rehema, shuka."

Mama mdogo alikuwa amekaa mbele kabisa na gauni la njano la kwaya. "Baba, usinitie aibu mbele za watu."

"Shuka, mwanangu."

Akageuza uso upande wa pili. Mtu mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakaupokea, nadhani ili sauti ya Babu isisikike. Vijana wawili wakaingia majini wakamshika mikono, kwa adabu kabisa, "Samahani, Afande," wakambandua vidole kwenye kamba kimoja kimoja. Sijawahi kuona kitu cha adabu kilichokuwa kibaya kiasi kile.

Boti ikaondoka. Babu akapiga magoti pale pale kwenye changarawe, kando ya dagaa walioanikwa, suruali imelowa mpaka mapajani, midomo inacheza. Upepo ukaja kama alivyosema, ziwa likachafuka likawa jeupe. Mimi nilijibanza kwa Bibi. Niliamini Babu anawashtaki wale watu kwa Mungu, anaomba waadhibiwe, na nilimwogopa kuliko nilivyoliogopa ziwa. Hakuinuka mpaka jua lilipoanza kushuka na simu ya jirani ikalia: wamefika salama, wote. Alipojaribu kusimama, magoti yalikataa. Tulimwinua mimi na Bibi.

Walirudi wakiimba. Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri juu ya woga. Hakutaja jina wala hakuwa na haja, shingo zote zilikuwa zimegeuka upande wetu. Baadaye kidogo Babu "akapumzishwa" uzee wa kanisa. Neno laini kwa jambo gumu. Shuleni waliniita mjukuu wa Afande Maboya. Rehema akahamia kwa rafiki yake wa kwaya, na alipoolewa, aliyemwingiza kanisani alikuwa mchungaji. Babu alipewa kiti cha nyuma, kama jirani.

Siku moja Bibi, akipepeta mchele, alisema kwa uchungu, "Boti ile ingeyumba hata kidogo tu, Baba Rehema, wangekuheshimu."

Babu akapiga meza, na vikombe vikaruka. "Neno hilo lisirudiwe ndani ya nyumba hii."

Aliendelea kwenda kanisani kila Jumapili, benchi la mwisho karibu na mlango, na hakuna aliyekaa karibu naye isipokuwa sisi. Alizeekea pale. Hata jina lake lilipochekwa mbele yake, hakujitetea.

Alipofariki, mchungaji yule yule, sasa ana mvi na kanisa kubwa, alisimama mbele ya jeneza akasimulia habari ya boti. "Mzee wetu alikuwa na upungufu wake, kama sisi sote," alisema, na watu wakacheka kile kicheko cha msibani. Mama mdogo Rehema naye akacheka, mtoto wake wa mwisho amelala mapajani.

Mimi nilikuwa mtu mzima tayari. Nilianza kuinuka nijibu, Bibi akanikamata kiwiko.

"Kaa. Unajua babu yako aliomba nini siku ile mwaloni?"

Nikamwambia nilichokuwa nimeamini tangu utoto.

"Hapana," akaninong'oneza. "Aliniambia mwenyewe. Alimwomba Mungu amfanye mwongo mbele yao wote. Akajibiwa."

Hapo ndipo nilipoelewa meza iliyopigwa, benchi la mwisho, na kimya cha miaka yote ile. Angejitetea vipi? Angekuwa anarudisha alichopewa.

Nilimtazama mama mdogo, mzima, amenenepa, anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitenge. Nikakaa. Lakini mimi sina moyo wa Babu, na mpaka leo sijamsamehe mama mdogo.