Kahawa Ambayo Georgina Hakuimeza

Georgina wa Ijumbi amefikisha miaka sitini na minane bila kumwambia mtu yeyote "nimekosea". Mumewe, marehemu Rwegasira, alikaa naye miaka arobaini akilisubiri neno hilo, na hakulisikia. Lakini kuna jambo moja ambalo Georgina alikuwa amelificha tangu utotoni, na lenyewe lilikuwa dogo kama punje ya kahawa. Tena lilikuwa ni punje ya kahawa kweli.

Alizaliwa Izigo, katika nyumba iliyozungukwa na migomba mpaka jua likitaka kuingia ndani lazima liombe njia. Mama yao alibakiwa na watoto wawili tu, Ildefons, halafu Georgina nyuma yake kwa miaka miwili. Walilala mkeka mmoja, wakala kwenye jani moja, wakapigania ukoko wa ndizi ulioshika chini ya chungu kama vile chungu hakina kitu kingine. Ildefons akipanda mti, Georgina yuko chini anapiga kelele kwamba na yeye anaweza. Ildefons akichapwa, Georgina analia kabla yake.

Sasa shangazi yao Klaudia, aliyekuwa ameolewa mjini Bukoba, hakujaliwa mtoto. Akaja msimu wa kuchuma kahawa, akakaa siku mbili, akaongea na baba yao uani, na ikaamuliwa kwamba Ildefons aende akaishi na shangazi, asome huko huko mjini. Ildefons alikuwa na miaka tisa, Georgina saba. Mtoto wa jirani akamwambia Georgina, "Kaka yako sasa ni wa nyumba nyingine. Akija hapa atakuwa mgeni, atapewa kiti."

Kaka yake kupewa kiti! Georgina alilia mpaka akashikwa na kwikwi.

Ildefons alikuwa mtoto wa kusikiliza maongezi ya wazee. Alishasikia kwamba zamani watu wawili wakitaka kuwa ndugu walifanya omukago. Wanachanja ngozi, wanapasua tunda la kahawa ambalo ndani lina punje mbili zimelaliana, kila mmoja anapaka punje damu yake, anampa mwenzake ameze. Basi, imekwisha. Tangu siku hiyo akikuomba kitu humnyimi. Ukimnyima, tumbo lako linavimba mpaka watu wanatoka vijiji vingine kuja kuliangalia.

"Tufanye," Ildefons alisema.

"Inauma?"

"Kidogo. Si ulisema unaweza kila ninachoweza?"

Ukitaka kumfunga Georgina kamba, mwambie hivyo. Wakaenda nyuma ya kibanja, kule kwenye mibuni. Wakachukua mwiba wa mlimau, wakachoma vidole, damu ikatoka. Ildefons akapasua tunda jekundu, wakapaka, wakapeana. Yeye akaimeza ya dada yake bila maji, akafungua mdomo kuonyesha. Georgina naye akaitia yake mdomoni, akaonja damu ya kaka yake, ikamshinda. Ildefons alipoinama kufuta kidole kwenye jani, Georgina akaitema punje kwenye majani makavu chini ya mgomba.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

"Fungua."

Akafungua. Mdomo mtupu, safi kabisa.

Georgina akakimbia kumwonyesha bibi yao Kokwijuka kidole. Bibi akacheka mpaka akakaa chini. "Jamani wajukuu zangu! Mmelala tumbo moja, mmenyonya titi moja, mnachanjana nini? Omukago ni wa watu baki!" Izigo nzima ikacheka wiki hiyo. Wao hawakucheka. Kwao jambo lilikuwa limefanyika, isipokuwa Georgina peke yake alijua kwamba limefanyika nusu.

Krismasi Ildefons akarudi kutembea, amevaa viatu. Na kweli akapewa kiti! Georgina akaangalia pembeni. Lakini Ildefons akakisogeza kile kiti, akaja kukaa chini kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, ubavuni kwa dada yake, akamnong'oneza, "Georgina. Omukago. Nipe huo ukoko."

Akampa. Ukawa ndio mwanzo.

Maana miaka ilikwenda, Ildefons akawa karani wa kupima magunia ya kahawa bandarini, na neno lake likawa lile lile. "Georgina, omukago, nipelekee hii barua kwa Agnetha." Akapeleka barua kumi na moja kwa miguu, mpaka Agnetha akakubali kuolewa na Ildefons. "Georgina, omukago, mtoto wako wa kwanza wa kiume umwite jina langu." Akaitwa Ildefons. Alipoolewa Ijumbi akagombana na mama mkwe, wakanuniana miezi mitano chini ya paa moja, akaja kaka yake: "Georgina, omukago, kesho asubuhi umsalimie wewe kwanza." Hilo lilimuuma kuliko uchungu wa kuzaa. Akamsalimia. Akaumwa kichwa wiki nzima.

Mtu atauliza, si hakumeza? Kwa nini asikatae? Ndiyo hapo. Angekataa, Ildefons angekaa kuliangalia tumbo lake. Lingekaa siku ya kwanza halijavimba, ya pili halijavimba, na ya tatu angejua kila kitu. Afadhali kumsalimia mama mkwe.

Na yeye mwenyewe Georgina hakuomba chochote kwa omukago, hata siku moja. Angeombaje kwa kitu alichokitema?

"Mbona wewe huniombi?" Ildefons alimuuliza siku moja.

"Sina shida."

Hapo paa la nyumba lilikuwa limeezuliwa na upepo juzi yake, na Ildefons alikuwa juu ya ngazi anagongelea bati. Alikuwa amekuja kwa baiskeli kutoka Bukoba na misumari mfukoni, na hakuna aliyemwita.

Msimu huu wa kahawa Georgina alipanda juu ya kigoda achume tawi ambalo lilikuwa halimhusu mtu wa umri wake. Kigoda kikaenda huku, yeye kule. Nyonga ikashtuka, akalala wiki sita, akainuka na fimbo. Binti yake Restituta, mwalimu pale Muleba, akampigia simu mjomba wake. Na Jumatano saa tisa alasiri gari la kukodi likasimama mbele ya nyumba, akashuka Ildefons, miaka sabini, kofia kichwani, aliyefiwa na mkewe Agnetha mwaka juzi.

"Umeshindaje, waitu?" alisalimia kwa heshima ya Kihaya.

"Nimeshinda chini, kama ulivyoambiwa."

Restituta akaleta kikapu kidogo cha akamwani, ile kahawa kavu ya kutafuna anayopewa mgeni. Ildefons akachukua tatu, akatafuna moja, akasema, "Restituta, mfungie mama yako nguo. Anakuja kukaa kwangu."

"Nguo za nani?" alisema Georgina. "Mimi niende Bukoba kufanya nini? Wewe unanunua ndizi sokoni! Mwanamume wa Izigo unasimama mbele ya meza ya mtu, unauliza chane hii shilingi ngapi!"

"Zinanunuliwa, zinaliwa."

"Mimi sili ndizi ambayo simjui mama yake."

Restituta akaficha uso kwenye kanga.

"Huku utaanguka tena," Ildefons alisema, "na safari hii hatutakuokota mzima. Kwangu kuna nafasi, kuna maji ndani, hospitali ipo jirani."

"Na Rwegasira nimwache na nani?" Kaburi la Rwegasira lilikuwa pale pale, chini ya migomba ambayo Georgina aliipanda mwenyewe alipoletwa bibi harusi, miaka arobaini na tisa iliyopita. Kila shina alilijua. Lipi linazaa haraka, lipi linadeka.

Ildefons akavua kofia, akaiweka gotini. "Georgina," alisema taratibu. "Omukago."

Restituta naye alilijua neno hilo tangu yuko mdogo, na alijua kwamba mama yake hajawahi kulipinga. Georgina akaiangalia migomba mlangoni. Akikubali, ameiacha. Akikataa, lazima aseme. Akatafuna akamwani mpaka ikawa maji.

"Nilitema," alisema.

"Ulitema nini?"

"Ile punje. Sikumeza. Damu yako ilikuwa inanuka beberu." Akainua kidevu. "Kwa hiyo huna cha kunidai. Mimi si ndugu yako wa kuchanjana. Ni dada yako wa kuzaliwa tu, basi."

Alingoja kaka yake ashtuke. Ildefons akachukua akamwani nyingine.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Nilikuona. Ulipokimbilia kwa bibi nikapekua yale majani, nikaiokota, nikaimeza na yenyewe."

"Yenye damu yako mwenyewe?"

"Na mchanga. Ningefanyaje? Niliogopa tumbo lako litavimba na mimi siko hapa. Nikasema nikizimeza zote mbili, kama ni kuvimba, livimbe langu."

Georgina akaiangalia mikono ya kaka yake. Aliona kidole kidogo cha kaka yake kikipekua majani makavu. Halafu hasira zikamrudia, zikamsaidia.

"Na bado ukaniomba! Miaka sitini na moja! Barua kumi na moja, Ildefons! Mama mkwe!"

"Nilikuwa nasubiri useme. Kila nikiomba nasema leo atachoka, atasema. Ukamsalimia mkwe, hukusema! Mtu mbishi kama wewe sijamwona, na nimepima magunia ya watu wote wa mkoa huu."

Restituta sasa alikuwa analia kwa kucheka. Georgina hakucheka. Alikuwa anahesabu kitu kichwani.

"Kwa hiyo damu yangu iko tumboni mwako," alisema.

"Iko."

"Na yako kwangu haipo."

"Haipo."

"Basi aliyefungwa ni nani hapa?"

Ildefons akaacha kutafuna.

"Ildefons," alisema Georgina, taratibu, maana neno lililofuata hakuwahi kulitoa kinywani mwake kuomba. "Omukago. Uje ukae hapa."

"Aa, Georgina! Nyumba yangu je? Maua ya Agnetha?"

"Beba na maua. Au kataa, tukae tuliangalie tumbo."

Ildefons akageuka kwa Restituta kutafuta msaada. "Mjomba," Restituta alisema, "mimi huko simo."

Jumamosi gari lilirudi limejaa. Kulikuwa na kitanda, redio, makopo sita ya maua na picha ya Agnetha imefungwa kwenye koti. Restituta akatoa kiti haraka amkaribishe mjomba wake. Ildefons akakisogeza pembeni, akaanza kushuka kwenye mkeka alipokaa dada yake, goti moja, mkono, goti la pili, mpaka akafika chini anahema.

"Sasa utainukaje?" Georgina aliuliza.

"Utaniinua."

"Na nyonga hii?"

"Georgina, omuka..."

"Ishia hapo hapo. Wewe huna." Akavuta chungu karibu, akakwangua ukoko, akaugawa vipande viwili. Kikubwa akakiweka upande wake mwenyewe.